Baraza Lililopiga Kura Lijifute: Kisa cha Queensland, 1915–1922

Mwaka 1891 William Hamilton alihukumiwa miaka 3 jela na kazi ngumu. Kosa lake lilikuwa kula njama wakati wa mgomo mkubwa wa wakata manyoya ya kondoo huko Queensland, Australia. Alipelekwa kisiwa cha St Helena, kwenye ghuba ya Moreton, ambako wafungwa walishona viatu, nguo na matandiko ya farasi. Mwaka 1917 mtu huyohuyo alikalia kiti cha Rais wa Baraza la Kutunga Sheria, yaani spika wa bunge la juu la jimbo hilohilo. Kwa zaidi ya nusu karne bunge hilo lilikuwa ngome ya wenye kondoo, wale ambao Hamilton aligoma dhidi yao.

Hakuna mpiga kura hata mmoja aliyempeleka pale. Aliteuliwa na Gavana, mwakilishi wa ufalme wa Uingereza, kama walivyoteuliwa wenye kondoo kabla yake. Miaka 5 baadaye Baraza halikuwapo tena, na waliolifuta kwa kura walikuwa wajumbe wake wenyewe.

Tukijadili mabunge ya juu huwa tunauliza kama tunayahitaji au la. Kisa cha Queensland kinanivutia zaidi kwa sababu kinauliza jambo la chini kidogo, la mambo ya ofisini hasa: kiti kinapatikanaje, kinapoteaje, na nani mwenye ruhusa ya kuongeza viti vingine? Nitabaki hapo, kwa kuwa ndipo palipoamuliwa kila kitu.

Kiti chenyewe

Queensland ilitenganishwa na New South Wales mwaka 1859 ikapewa bunge la sehemu mbili. Bunge la chini lilichaguliwa. Baraza, bunge la juu, liliteuliwa. Wajumbe wa kwanza kabisa walipewa miaka 5, lakini waliofuata walipewa kiti cha maisha. Aliyetia saini ya uteuzi ni Gavana, na kwa desturi alifuata ushauri wa serikali iliyokuwa madarakani siku hiyo. Mjumbe aliondoka akifa, akijiuzulu, akifilisika, akitiwa hatiani kwa kosa zito, au akikosa vikao viwili vya Bunge mfululizo bila ruhusa. Nje ya hapo, hakuna wa kumgusa.

Tena hakulipwa. Jambo hili linaonekana dogo mpaka uliweke kando ya hali ya mkata manyoya au mfanyakazi wa reli. Wabunge wa chini walianza kulipwa tangu miaka ya 1880, baada ya mvutano ambao Baraza lilijaribu kuuzuia hadi ukafika London kuamuliwa. Mjumbe wa Baraza aliendelea kujilisha mwenyewe. Basi nani angeweza kukaa Brisbane, mji mkuu wa jimbo, miezi ya vikao bila ujira? Mwenye malisho makubwa, wakili, mfanyabiashara wa mjini, waziri mstaafu. Hakukuwa na kifungu cha sheria kilichosema maskini asiteuliwe, wala hakikuhitajika.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo la kushika tunapoendelea. Sheria haikuweka idadi ya mwisho ya wajumbe. Viti vinaweza kuwa 30, vinaweza kuwa 60. Waliolianzisha Baraza waliuona mlango huu kuwa salama, kwa sababu waliamini kwamba Gavana atakayeushika atakuwa mtu wa aina yao.

Onyo la 1907

Mlango ulibishwa mara ya kwanza mwaka 1907. William Kidston, waziri mkuu wa jimbo, alikuwa na miswada iliyokwama Baraza, ikiwamo ya bodi za mishahara na ya mabadiliko ya sheria ya uchaguzi. Akamwomba Gavana, Lord Chelmsford, ampe wajumbe wapya wa kutosha. Gavana akakataa. Kidston akajiuzulu, na Gavana akamkabidhi serikali Robert Philp, ambaye hakuwa na wabunge wa kumwezesha kupitisha hata bajeti. Ukaitishwa uchaguzi Februari 1908, Kidston akarudi.

Aliporudi hakuongeza viti. Alibadilisha kanuni. Kwanza kilifutwa kifungu cha katiba kilichodai theluthi mbili ya kura ili kubadili muundo wa Baraza. Pili ikapitishwa sheria kwamba Baraza likiukataa muswada mara mbili, serikali inaweza kuupeleka kwa wananchi kwa kura ya maoni. Baraza lenyewe liliziridhia sheria hizi. Nadhani wajumbe waliona wamefanya biashara nzuri: wamempa Kidston njia ndefu ya kupita kwa wananchi, na njia fupi, ile ya kuongeza viti, imesahaulika.

Labor yafika

Tarehe 22 Mei 1915 chama cha Labor, yaani chama cha wafanyakazi, chini ya T. J. Ryan kilishinda viti 45 kati ya 72 vya bunge la chini. Katika Baraza, watu wake walihesabika kwa vidole. Hamilton aliteuliwa mwaka huo, lakini mtu mmoja hatoshi kugeuza kura.

Kilichofuata ni miaka ya muswada kwenda na muswada kurudi. Baraza halikukataa kila kitu. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilipita baada ya mvutano na majadiliano ya pande mbili. Ila palipoguswa mali, hasa ardhi, mlango ulifungwa. Serikali nayo haikupoteza muda: mwezi Novemba 1915 bunge la chini likapitisha muswada wa kulifuta Baraza. Baraza likaukataa. Ukaletwa tena mwaka 1916. Ukakataliwa tena. Mara mbili. Sasa ile sheria ya Kidston ikafaa.

Baadhi ya wajumbe walikimbilia mahakamani kuzuia kura ya maoni, wakisema Bunge halina mamlaka ya kufuta sehemu yake lenyewe. Mahakama ya jimbo iliwaelewa. Mahakama Kuu ya Australia, katika shauri linalojulikana kwa jina la mjumbe Taylor, iliamua mwaka huohuo 1917 kinyume chake: Bunge la jimbo lina uwezo wa kubadili umbo lake, hata kwa kujikata mkono, mradi lifuate utaratibu uliowekwa. Wanafunzi wa sheria za katiba katika nchi zilizorithi mfumo wa Kiingereza bado hukutana na shauri hili.

Kura yenyewe ilipigwa tarehe 5 Mei 1917, siku moja na uchaguzi wa shirikisho. Waliotaka Baraza lifutwe: 116,196. Waliotaka libaki: 179,105.

Tofauti ya kura 62,909 haina maelezo ya ujanja. Labor ilishindwa, na vibaya. Unaweza kutaja mazingira: vita vilikuwa vikiendelea Ulaya, nchi ilikuwa imegawanyika kuhusu kuandikisha vijana jeshini kwa lazima, na siku hiyohiyo Labor ilichapwa katika uchaguzi wa shirikisho. Mtu aliyeikasirikia Labor ya kitaifa aliona karatasi mbili mezani na akazijaza kwa mkono uleule. Yote hayo yanawezekana. Lakini aliyeuliza swali ni Ryan, na siku ya kuliuliza ilipangwa na serikali yake.

Pauni 100 na pauni 150

Baraza lilikuwa likilinda nini hasa? Hotuba zilisema katiba, uhuru, busara ya wazee. Tutazame ardhi.

Sehemu kubwa ya Queensland ilikuwa, na bado ni, ardhi ya serikali iliyokodishwa kwa wafugaji wakubwa. Kila baada ya miaka kadhaa kodi hukadiriwa upya. Sheria ya ardhi ya 1910 ilisema ukadirio mpya hauwezi kuipandisha kodi zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Chukua mfano wa kubuni: malisho yanayolipa pauni 100 kwa mwaka. Bei ya sufu ikipanda mara mbili, na thamani ya malisho ikapanda nayo, kodi itagota pauni 150. Kinachobaki juu ya hapo ni cha mpangaji.

Labor ilitaka kuondoa kikomo hicho, tena kwa mikataba iliyokwisha kuwekwa. Kwa serikali hiyo ilikuwa kudai kodi ya haki kwa mali ya umma. Kwa wafugaji, na kwa mabenki na makampuni ya London yaliyowakopesha, ilikuwa kuvunja ahadi iliyoandikwa. Baraza liliukataa muswada huo tena na tena kati ya 1915 na 1919. Sidhani kuna muswada unaoeleza vizuri zaidi kazi ya Baraza. Hapa kuna wajumbe ambao wao, jamaa zao au wateja wao walikuwa wapangaji wa ardhi ile, na wanapiga kura kuhusu kodi yao wenyewe, kwa viti vya maisha.

Hata hivyo hoja yao haikuwa upuuzi. Serikali inayoweza kubadili mkataba wa jana inaweza kubadili na wa leo. Hilo London ililisikia vizuri, kama tutakavyoona.

Wateule 13, kisha 14

Baada ya kushindwa kwenye kura ya maoni, serikali iliurudia mlango wa zamani. Oktoba 1917 Gavana Sir Hamilton Goold-Adams alikubali kuteua wajumbe 13 wa Labor. Hawakutosha. Aliombwa zaidi, hakutoa. Msimamo wake unaeleweka: wananchi wamesema Baraza libaki, sasa yeye alijaze watu walioapa kulizika?

Alipoondoka mwanzoni mwa 1920, Ryan alikuwa amekwenda kwenye siasa za shirikisho, na waziri mkuu alikuwa E. G. Theodore, mtu wa migodini asiyependa kuzunguka. Gavana mpya hajafika. Pengo hilo lilijazwa na Luteni Gavana, na aliyeteuliwa kushika nafasi hiyo alikuwa William Lennon, ambaye muda mfupi kabla alikuwa spika wa bunge la chini kwa tiketi ya Labor. Theodore akamletea majina 14. Februari 1920 Lennon akatia saini.

Nisimame hapa kidogo. Wanaokisimulia kisa hiki huruka haraka kwenda 1921, kwenye ile kura ya mwisho. Mimi naona kila kitu kiliisha kwenye saini hii. Gavana aliyetoka Uingereza, ambaye Baraza lilimtegemea miaka 60 awe kizuizi, hayupo. Aliyekalia kiti chake ni mwanachama wa upande mmoja wa ugomvi. Na alichofanya ni halali kabisa: alifuata ushauri wa serikali yenye wabunge wengi, jambo ambalo kila mwalimu wa katiba atakwambia ndiyo kazi ya Gavana. Chelmsford wa 1907 ndiye aliyekwenda nje ya desturi. Lennon wa 1920 aliifuata. Ukitafuta sheria iliyovunjwa hutaipata.

Hamilton alifariki mwaka 1920, na Lennon huyohuyo akawa Rais wa Baraza, wa mwisho.

Kwa wingi huo mpya, muswada wa kodi ya malisho ulipita mwaka 1920. Ujumbe wa watu wa Brisbane, akiwamo Philp yule wa 1907, ulikwenda London kuupinga. Theodore naye alikwenda London kutafuta mkopo, akakuta milango ya mabenki imefungwa. Aligeukia New York na kukopa huko. Hapo ndipo unapoona Baraza halikuwa peke yake katika kuzuia. Kizuizi cha pili kilikuwa London, kwa wakopeshaji, na hicho hakikuhitaji wajumbe.

Oktoba 1921

Sasa swali ambalo msomaji makini atakuwa ameshaliuliza. Labor imepata wingi katika Baraza, wingi wa viti vya maisha. Kwa nini ikifute chombo ambacho sasa ni chake?

Jibu la kwanza ni ahadi. Kufuta Baraza kulikuwa kwenye ilani ya chama kwa muda mrefu, na wateule wapya waliingia kwa sharti hilo. Watu waliwaita kikosi cha kujiua. Jibu la pili ni hesabu. Uchaguzi wa Oktoba 1920 uliibakizia Labor viti 38 kati ya 72. Wabunge wawili wakigeuka, serikali imeanguka. Na mlango usio na idadi ya mwisho hauchagui wa kumpitisha: serikali ya wapinzani ingeweza kumwendea Gavana mpya na orodha yake ya majina 30, ikitaja mfano wa Theodore mwenyewe. Aliyekwisha kutumia njia hiyo anajua jinsi ilivyo rahisi. Kuifunga kabisa kulikuwa salama kuliko kuiachia wengine.

Muswada ulipita bunge la chini tarehe 24 Oktoba 1921 ukapelekwa Baraza. Upande wa serikali pale uliongozwa na Alfred James Jones, waziri wa madini, mwenyewe mteule wa 1917. Upinzani ulitaja kura ya 1917 tena na tena, na kwa haki. Siku ya 26 Baraza likapitisha. Siku ya 27 likaahirisha kikao chake, na halikukutana tena.

Wajumbe hawakuhamishiwa popote. Msomaji wa Kenya atatambua tofauti: mwaka 1966 Seneti ya Kenya ilipokubali kuunganishwa na bunge la chini, maseneta walipatiwa viti katika bunge lililopanuliwa. Brisbane, mwenye kiti cha maisha alikwenda nyumbani. Jones alijitengenezea maisha mengine ya siasa, na katika miaka ya 1930 alikuwa meya wa Brisbane. Wengi wao walirudi kwenye shughuli zao, na tukumbuke hawakuwa wakilipwa, kwa hiyo hakuna mshahara uliopotea. Hili nalo, kwa maoni yangu, lilirahisisha kura. Ukiwauliza watu wenye mshahara, gari na posho za vikao wajifute, utasikia hoja za katiba ambazo hujawahi kuzisikia.

Kilibaki kibali cha Mfalme. Gavana mpya, Sir Matthew Nathan, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Uingereza mjini Dublin wakati wa uasi wa Pasaka wa 1916 na asiyehitaji fujo nyingine maishani, aliusukuma muswada London badala ya kuamua mwenyewe. Wapinzani walituma ombi lao kwa Mfalme. Waziri wa Makoloni alikuwa Winston Churchill. Hakuona sababu ya London kuingilia jambo la ndani ya jimbo. Tarehe 23 Machi 1922 sheria ilitangazwa, na viti vyote vya maisha vikakoma siku moja.

Kwa nini Sydney ilishindwa

Kipimo kizuri cha kisa ni jirani aliyejaribu jambo hilohilo. New South Wales, ambayo mji wake mkuu ni Sydney, nayo ilikuwa na Baraza la wateule wa maisha. Waziri mkuu wa Labor, Jack Lang, alipata wateule 25 Desemba 1925, akaleta muswada wa kulifuta mwanzoni mwa 1926. Ukaanguka, kwa sababu baadhi ya watu wa Labor wenyewe walikataa au hawakutokea.

Tofauti iko kwenye muda. Theodore aliwapata wateule wake wa mwisho Februari 1920 na muswada ukaja Oktoba 1921. Katikati walipewa kazi ya kupitisha sheria, na wakazoea kupiga kura pamoja. Lang aliwatoa watu mitaani Desemba na kuwaambia wafe Januari. Ukimpa mtu kiti cha maisha, akaketi, akaitwa Mheshimiwa, kisha ukamwomba akirudishe baada ya wiki chache, usishangae akikumbuka ghafla umuhimu wa bunge la juu. Baada ya hapo wapinzani wa Lang walitunga sheria kwamba Baraza la New South Wales lisifutwe bila kura ya maoni, na jaribio la Lang la kuikwepa likaishia mahakamani. Baraza hilo lipo hadi leo, siku hizi la kuchaguliwa.

Hukumu yangu

Kisheria, sioni doa. Kila hatua ina saini yake. Siwezi kulilia chombo ambacho wapangaji wa ardhi walikaa maisha yao yote wakipanga kodi yao. Lakini wananchi waliulizwa, wakajibu, na jibu lao likawekwa kando kwa wino wa mtu mmoja aliyekuwa na zamu ya miezi michache. Labor ilikuwa na uwezo wa kuuliza tena. Baada ya 1917 ilishinda uchaguzi wa jimbo mara mbili, 1918 na 1920, na ungeweza kusema wapiga kura walijua wanamchagua nani. Mimi siridhiki na hoja hiyo. Mtu anaweza kupenda serikali na akataka pia iwe na breki.

Queensland imebaki jimbo pekee la Australia lenye bunge la sehemu moja. Ukumbi wa Baraza bado upo ndani ya jengo la Bunge, pembeni ya bustani ya mimea, zulia lake jekundu, nguzo mbili mbili. Kamati huketi humo, na wageni hukaribishwa humo kwenye hafla.

Mwaka 1934 serikali nyingine ya Labor ilipitisha sheria moja zaidi kuhusu jambo hili: hakuna bunge la juu litakalorudishwa Queensland mpaka wananchi walikubali kwanza kwa kura ya maoni.